Uzi wa Maji Baridi

Mwaka ule mwanangu Wepukhulu alipokufa, mto ulipungua mpaka mawe ya katikati yakakauka mgongo, na ndege wakawa wanasimama juu yake bila kulowa miguu. Ilikuwa baada ya vita vya Hitler, wanaume wamekwisha kurudi na makoti yao ya jeshi. Tulikuwa maskwota kwenye shamba la mzungu chini ya Mlima Elgon, upande wa Kitale, mahali ambapo asubuhi baridi inauma masikio, na mchana wa kiangazi jua linakuwekea mkono kichwani na haliutoi.

Mzungu huyo tulimwita Bwana Soksi. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini hata akiwa anaingia majini. Mahindi yake na ng'ombe wake wa maziwa aliwaachia wanyapara, lakini mto aliuangalia mwenyewe, kwa sababu ya samaki. Samaki hao hawakuwa wa kwetu. Waliletwa wakiwa wadogo kama viluwiluwi, ndani ya mikebe ya maziwa, na waliowabeba waliambiwa waitikise mikebe njia nzima ili maji yasilale. Wazungu waliwaita trauti. Wana madoa mbavuni, na magamba madogo sana, hata unadhani ni ngozi tupu.

Mume wangu Eliakim ndiye alikuwa askari wa mto. Alitembea kando ya maji kutoka daraja la miti mpaka kwenye maporomoko, na kofia yake na filimbi yake, akamate mtu yeyote anayeshika samaki bila ruhusa. Wageni wa Bwana walishika kwa fimbo ndefu na ndoano iliyofungwa manyoya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia, na hakuna nyingine. Ukitumia kikapu, ukitumia wavu, au ukiingiza mkono wako, wewe ni mwizi, na Eliakim alikuwa amewapeleka watu mpaka Kitale kwa hiyo. Kwa kazi yake tulipewa nyumba, kipande cha kulima wimbi, na ruhusa ya kulisha ng'ombe wawili.

Wepukhulu alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Homa ikamshika. Nikamfunga mgongoni tumpeleke Kitale hospitalini, na hatukufika hata barabara ya magari. Tukarudi. Nyumbani kwetu hasa ni Chwele, upande wa Bungoma, lakini ni mbali, na joto lile halikuwa la kungoja. Tukamzika hapo hapo kwa shamba la mzungu, nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Mama mkwe wangu, Nakhungu, alikuja kutoka Chwele, kipande kwa lori, kipande kwa miguu. Tulimwita mayi, maana sisi Wabukusu mama tunamwita hivyo. Alilia siku ya kwanza mpaka sauti ikakauka. Alininyoa nywele kama inavyotakiwa. Halafu akakaa jikoni, akaanza kazi ya kunilisha.

"Kula."

"Nimeshiba, mayi."

"Umeshiba nini? Upepo? Tangu asubuhi nimekutazama, hata mate hujameza."

Nilichukua ugali, nikaufinyanga kwenye vidole, nikaufinyanga tena, mpaka ukapoa. Akitazama kando, nikauweka chini ya sahani. Alijua. Kila siku alikuta ugali chini ya sahani, na kila siku alipika tena.

Watu walisema silii. Ni kweli, sikulia. Nilifagia, nikasaga wimbi, nikakamua ng'ombe. Kuna siku nilishika sufuria ya moto jikoni kwa mkono mtupu, nikaibeba, nikaiweka chini polepole kama watu wengine, ndipo mayi akapiga kelele. Kiganja kilikuwa kimetoka malengelenge. Nilikitazama kama kiganja cha mtu mwingine.

Jambo lingine lilikuwa jina. Tangu nizae, hakuna mtu pale aliyeniita Sellah. Nilikuwa Mama Wepukhulu, kwa Eliakim, kwa majirani, hata kwa nyapara. Baada ya mazishi wakawa hawajui wafanye nini. Wakiniita Mama Wepukhulu wanaona wananichoma. Wakiniita Sellah wanaona wananinyang'anya. Kwa hiyo hawakuniita. Walisema "wewe," au walikohoa.

Juu ya mto, kwenye mteremko, palikuwa na chemchemi. Maji yake yanatoka chini ya mwamba, kiangazi na masika ni baridi moja, ile ya kukufanya ukunje vidole. Tulichota hapo wanawake wote wa shamba, Wabukusu na wale wa mlimani pamoja. Mwenye neno pale alikuwa Chemutai, mama mmoja wa mlimani, mrefu, mwenye ulimi. Na wanawake wa chemchemi hiyo walikuwa na sheria yao: mama aliyezika mtoto mchanga asikanyage pale mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Walisema chemchemi ikiona huzuni inajificha. Sikuona ubaya. Hata mimi, mwaka uliopita, nilikuwa mmoja wa waliomzuia mama mwingine.

Basi nikawa nateremka mtoni na debe langu, mahali ambapo maji ya chemchemi yanafika chini na kuingia mtoni. Mto wenyewe ulikuwa umekuwa kitu cha aibu. Maji yalipita baina ya mawe kama mtu anayeomba njia.

Eliakim akaanza kuokota samaki waliokufa. Kwanza mmoja, akasema labda ni mzee. Halafu kila asubuhi. Wanaelea tumbo juu, midomo wazi. Hakuthubutu kuwaleta nyumbani, mtu asije akasema askari wa mto anakula samaki wa mto. Aliwachimbia shimo.

"Samaki mzima unazika kama mtu?" mayi akamwambia. "Hiyo si ni mboga, Eliakim?"

"Ni ya Bwana, mayi."

"Kwani Bwana anakula maiti?"

Bwana Soksi alikuja juu ya farasi wake. Alisimama darajani akatazama maji muda mrefu. Mimi nilikuwa napalilia wimbi uliokauka, kwa kukosa la kufanya, na nikasikia kila neno, maana alizungumza Kiswahili chake cha kukata kwa panga.

"Eliakim. Pasaka mgeni yangu nakuja. Bwana mukubwa toka Kitale. Mimi nasema yeye, mto yangu iko na samaki mingi. Sawa?"

"Sawa, Bwana."

"Pasaka hapana samaki, mimi nataka askari ya nini? Nyumba hii nampa mutu ya kukamua ng'ombe. Wewe narudi kwenu."

Farasi akageuka. Eliakim alibaki amesimama wima na kofia mkononi, kama Bwana bado yupo.

Jioni hakuniambia, akidhani sikusikia. Aliongea na mama yake, akihesabu vitu vya kubeba: mlango, kwa kuwa aliutengeneza mwenyewe, jembe, kuku. Mayi akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mtoto?"

"Mayi, kaburi halibebwi."

"Nilijua. Nilisema tangu mwanzo, mtoto wetu analala kwa shamba la watu. Huyo mkamuaji akija atapanda viazi pale."

Nilikuwa nimeketi mlangoni. Neno hilo la viazi liliingia na likakaa. Halikuniuma. Lilikaa tu, kama jiwe ndani ya kiatu cha mtu asiyesikia mguu wake. Lakini tangu hapo nilijua kitu kimoja ninachokitaka, na ilikuwa muda sijataka kitu: sitaki kutoka pale.

Eliakim naye alitaka tubaki, akafanya alichojua. Aliona samaki wanakufa kwa kukosa maji, basi awape maji. Alibeba mawe, akayapanga mtoni kuvuka upande hadi upande, akaziba na majani na udongo, mpaka maji yakatulia nyuma yake kama bwawa. Kweli yakajaa, yakafika kiunoni. Yalipendeza kutazama. Mayi akaja na fimbo yake kuona.

"Sasa wako na nyumba," akasema. "Wape chakula. Ona walivyokonda. Kitu mgonjwa unakilisha, hata kikikataa unakilisha."

Alirudi jikoni akasonga ugali mkubwa. Wakawa wanaketi juu ya jiwe, mama na mwanawe, wakirusha vipande majini, na mayi akiwasemesha samaki kama kuku: "Kuleni! Kuleni, nyinyi, si mnangojewa Pasaka?"

Hawakula. Ugali ulizama ukatulia chini kama mawe meupe. Kwa jua la siku zilizofuata, bwawa lile lilipata moto kama maji ya kuoga, ukajengeka utando juu, ukaanza kunuka uchachu. Samaki waliokuwa ndani walikuja juu wakipiga midomo hewani. Asubuhi Eliakim alichimba shimo refu zaidi.

Alikuja akaketi na matope mpaka magotini. "Nimewapa maji, nimewapa chakula," akasema. "Sasa wanataka nini?"

"Ni kama huyu wako," mayi akasema, akanielekezea mwiko. "Wamefanana. Wote wananiharibia unga."

Eliakim akamtazama mama yake vibaya. Mimi sikukasirika. Niliona mayi amesema kitu, lakini sikujua ni nini bado. Nilichukua debe nikateremka kwenda mtoni.

Mahali pangu pa kuchotea palikuwa chini ya lile bwawa, karibu na mizizi ya mti uliolala. Niliingia kama kawaida, maji vuguvugu yakashika kifundo. Nikasonga hatua kuelekea mizizi. Mguu wa kushoto ukashtuka. Ulikuwa ndani ya baridi. Mguu wa kulia bado uko kwenye vuguvugu. Nilisimama hivyo, mguu huku, mguu huku. Ilikuwa ni maji ya chemchemi, yanaingia mtoni kwa uzi mwembamba, hayazidi upana wa kanga iliyokunjwa, na hayachanganyiki mara moja. Yanapita chini, yanashika ukingo, yanakwenda kivyao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia kitu kwa mwili wangu.

Ndipo nikainama nikatazama chini ya mizizi. Walikuwa hapo. Wamepangana vichwa upande mmoja, ubavu kwa ubavu, ndani ya uzi ule wa baridi, hakuna hata mmoja aliyetoa mkia nje yake. Hawachezi. Hawafukuzani. Mdudu alianguka majini akapelekwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyemgeukia. Walikuwa wanafungua midomo na kufunga, kufungua na kufunga, basi. Kazi yao yote ilikuwa hiyo.

Sikuchota. Nilikaa pale mpaka kivuli cha mti kikanihama.

Nilipomwambia Eliakim, alidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

"Toa mawe yako," nikamwambia. "Maji yakisimama juani yanachemka. Yaache yakimbie. Na usiwape chakula. Hawataki kula, wanataka baridi. Wakipata baridi na wakiachwa, watangoja."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Njoo uweke mguu."

Alikuja akavua viatu. Aliweka mguu, akautoa, akauweka tena. Akainama chini ya mizizi, na alipoinuka uso ulikuwa umebadilika, lakini kidogo tu.

"Ni wengi," akasema. "Lakini huu uzi, Mama…" Akakohoa. "Huu uzi ni mwembamba sana. Ukikatika?"

Nilijua kwa nini ni mwembamba. Juu kule, kila kiangazi, wanawake wanajenga ukingo wa udongo chini ya chemchemi ili maji yakusanyike, ng'ombe wanywe, nguo zifuliwe. Kinachoteremka mtoni ni kile kinachovuja tu. Eliakim hakuweza kwenda kuwaamuru. Angeenda na filimbi yake wangemcheka mpaka afike nyumbani. Wa kwenda nilikuwa mimi.

Nilipanda asubuhi, nikasimama kwenye njia, mbali kidogo, mahali ambapo sheria yao haijaanza. Waliniona.

"Wewe," Chemutai akaita, bila kuja. "Usisogee, tafadhali. Mvua bado."

"Najua. Nasemea hapa hapa."

"Sema."

"Nawaomba, mkimaliza kuchota na ng'ombe wakinywa, mfungue ukingo. Maji yateremke mtoni wakati wa jua. Jioni mfunge tena."

"Ya nini?"

"Samaki wanakufa."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akashika kiuno. "Ati samaki! Samaki wa Soksi wapewe maji ya kuoga, na mimi watoto wangu wana ukoko shingoni?"

"Awatume basi na debe, wapange mstari kama sisi," mwingine akasema.

"Ngoja," Chemutai akawaambia. Akaja mpaka tukawa tunaonana macho, akaweka mikono kiunoni. "Mimi hao samaki siwajui. Sili kitu kisicho na miguu. Mumeo akikosa kazi nitakuonea huruma, lakini kuna askari wengi wamekosa kazi hapa. Wewe mwenyewe unataka nini? Sema kitu ya kweli."

Nilitafuta maneno. Hayakuwa mengi.

"Samaki wakiisha, tunafukuzwa. Tukifukuzwa, yule atabaki peke yake. Wanasema watapanda viazi."

Hakuna aliyeuliza yule ni nani. Chemutai alinitazama, halafu akatazama chini, halafu akageuka akapanda kwa wenzake. Nilisikia wakisemezana kwa lugha ya mlimani, sauti moja ikipanda, yake ikiikata. Nilipokuwa narudi nyumbani, jua likiwa linaanza kuuma, nilisikia maji yananipita kando ya njia, ndani ya nyasi, yanakimbia kuteremka. Alikuwa amefungua kwa jembe lake mwenyewe.

Wakawa wanafanya hivyo kila siku. Walilalamika, na wakafungua. Eliakim alibomoa mawe yake, akakata matawi akayalaza juu ya uzi ule yatie kivuli, akaacha kupita karibu asiwashtue. Mizoga ikapungua, ikawa kuna asubuhi hakuna. Mayi alisema ni maombi yake. Aliendelea kupika, lakini alianza kuweka sahani yangu na kutoka nje, bila kunitazama mdomo.

Mvua ilikuwa bado Pasaka ilipofika.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kuchota, nikawakuta wazungu wameshafika. Bwana Soksi, na mgeni wake, mtu mnene mwenye kofia iliyochomekwa manyoya ya ndoano kila mahali, hata unadhani amegongana na kuku. Walikuwa wamerusha ndoano tangu asubuhi. Walirusha kwenye maji mapana, hakuna. Eliakim akawaonyesha mizizi na matawi, kwa heshima, akiwa mbali. Wakarusha hapo. Manyoya yalitua vizuri kabisa, yakapita juu ya uzi, yakatoka upande wa pili. Wakarusha tena. Hakuna aliyefungua mdomo.

Yule mgeni akasema kitu kwa Kiingereza, akacheka, akaketi kwenye nyasi kufungua chupa yake ya chai. Bwana Soksi hakucheka. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Eliakim. Samaki iko wapi?"

"Iko hapo, Bwana. Chini ya miti."

"Mimi natupa, natupa. Hapana kitu. Wewe naona mimi mujinga?"

"Hapana, Bwana. Wako, lakini hawali. Ni joto."

"Hapana kula! Samaki ya namna gani hapana kula? Wewe nakwisha uza yote Kitale." Akaanza kukunja kamba yake. "Kesho toka. Wewe na bibi na kila kitu."

Eliakim akafungua mdomo, akafunga. Alikuwa ameshika filimbi yake kifuani.

Niliweka debe chini. Sikufikiri jambo lolote, wala sikuogopa. Mwaka ule woga nao ulikuwa umekwenda na vile vingine. Niliingia majini na nguo zangu, polepole, kama ninavyoingia kila siku. Nyuma nikasikia Eliakim, "Sellah! Usifanye hivyo!" Yeye ndiye aliyewafunga watu kwa jambo hilo hilo.

Baridi ikanishika magoti. Niliinama nikapitisha mkono chini ya matawi, kiganja juu, ule mkono wenye kovu la sufuria. Nikauacha hapo upoe, mpaka ukawa kama maji. Samaki mmoja mkubwa alikuwa juu ya vidole vyangu. Nikampandisha taratibu. Aliguswa tumbo, akajua ameguswa, na hakufanya kitu. Nilimwinua na mkono mwingine chini ya mkia. Alikuwa mzito. Uzito wake ulinifika kwenye viwiko, na viwiko vikaukumbuka uzito mwingine. Alinitazama kwa jicho lisilofumba. Mdomo wazi, mdomo funga.

"Weka chini!" Bwana Soksi akapiga kelele. "Wewe mwizi! Weka chini!"

Sikuweka, sikukimbia. Nilisimama nikamwonyesha tu. "Wako wengi," nikasema. "Njoo uweke mkono."

Sijui kwa nini alikuja. Labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia njoo. Aliingia na soksi zake. Alipofika kwenye uzi niliona mguu wake unashtuka, kama wangu ulivyoshtuka. Aliinua tawi, akainamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka majini, na hakuiokota. Alikaa hivyo. Kisha akazamisha mkono kwenye baridi, akautoa, akauzamisha kwenye mto, akaurudisha kwenye baridi.

Nilimrudisha samaki wangu. Nilimshika ameelekea juu, maji yampite mdomoni, mpaka akajishika mwenyewe, akaingia kwenye mstari. Wenzake wakampa nafasi.

Mgeni mnene alikuwa amesimama ukingoni na wavu wenye mpini, amefurahi, anauliza kitu, anaonyesha chini ya matawi. Bwana Soksi akamjibu kwa neno moja. Mgeni akauliza tena, sasa akicheka, akaingia mguu mmoja. Bwana Soksi akanyoosha mkono akamzuia kifuani. Kiingereza changu ni cha darasa la pili, lakini uso niliusoma. Kwao, kumtoa samaki asiyeweza kukimbia ni aibu.

Walifungua fimbo zao vipande vipande wakaziweka mifukoni. Bwana Soksi alipita mbele ya Eliakim, maji yakimtoka viatuni.

"Hapana mutu nakwenda hapa mpaka mvua," akasema. "Hata mimi."

"Ndiyo, Bwana."

"Nani nafungua maji juu?"

"Ni wanawake, Bwana."

Alitazama juu kwenye mteremko. Halafu akanielekezea kidole, bila kunitazama. "Huyu asishike samaki tena. Mara nyingine, Kitale."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi. Kazi."

Hilo neno, kazi, ndilo lililotubakisha. Eliakim alingoja gari lao litoke, ndipo akaketi pale pale kwenye nyasi. Nilijaza debe langu. Akanisaidia kuliweka kichwani.

Jioni ile mayi alipakua ugali na kunde, akaweka, akatoka. Nilikula matonge machache. Sikusikia ladha. Nilikula tu, kwa kuwa hapo palikuwa bado pangu. Aliporudi aliinua sahani akatazama chini yake, akaenda kuosha.

Mvua ilikuja mwisho wa wiki hiyo. Ilianza mlimani, tukaisikia kabla ya kuiona, na mto ukabadilika rangi, ukapata sauti. Asubuhi yake niliteremka kwenye mizizi. Matawi ya Eliakim yalikuwa yamechukuliwa na maji. Hakuna samaki hata mmoja. Walikuwa wamekwenda zao, juu na chini, kila mmoja na maji yake. Nilisimama kidogo, maji yote sasa ni baridi moja, hata uzi huwezi kuujua uko wapi.

Nilipita nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imelaza udongo pale penye migomba, nikaurudishia kwa mikono, nikaupiga ushikane. Mayi alikuwa anafunga mzigo wake wa kurudi Chwele, ananitazama kutoka mlangoni.

Halafu nikachukua debe nikapanda kuchota chemchemini, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wanawake walikuwa wengi, wanacheka, mvua imewapa maneno. Waliponiona wakageuka, na nikasimama pale pale kwenye njia nilipozoea, sijui kama ninasogea au la.

Chemutai alikuwa amepiga magoti anajaza nyungu yake. Hakugeuka.

"Mama Wepukhulu," akasema, "si uje uchote? Unangoja tukubebe?"

Nikaenda. Wakanisogezea nafasi. Niliinama nikaweka debe chini ya mwamba, na maji yakaanza kuingia.